Kabla Uuze Santuri za Guka, Soma Hii

Wasee, kuna sentensi moja nimeisikia mara nyingi hadi naweza kuimaliza kabla mtu afunge mdomo: "Santuri zetu zote zilibebwa na wazungu." Utaisikia Kenyatta Market. Utaisikia kwa mzee anayeuza vitu vikuukuu kando ya barabara. Utaisikia kwa madijei wanaocheza santuri wikendi hapa Nairobi. Mtu akishaisema anatingisha kichwa, wengine tunatingisha pia, na mazungumzo yanaisha hapo.

Leo sitaki yaishe hapo. Hiyo sentensi ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine inatuhusu sisi. Maoni yangu ni haya: ukitaka kuelewa vile kusaka santuri kumebadilika, usianze na wazungu na usianze na simu. Anza na swali moja tu: kati ya anayeuza na anayenunua, ni nani anajua hii kitu ni nini? Kila mara jibu la hilo swali lilipobadilika, msako wote ulibadilika. Na sasa tumefika mahali pabaya kidogo, kwa sababu muuzaji anajua bei, mnunuzi anajua bei, na hakuna hata mmoja anayejua kitu chenyewe. Hiyo ndiyo hasara inayoniogofya, na kuna familia inazigusa mfukoni.

Wacha nianze mbali kidogo ndio twende pamoja.

Kizazi chetu kinaona santuri kama kitu cha filamu za Marekani. Kumbe hizi vitu zilikuwa zinachapwa hapa hapa Nairobi. Miaka ya sitini na sabini huu mji ndio ulikuwa jiko la muziki la eneo lote. Kulikuwa na Equator Sound ya Charles Worrod, ambako akina Fadhili William na Daudi Kabaka walirekodi. River Road ilikuwa imejaa maprodyuza na maduka. Kericho kulikuwa na Chandarana na lebo zake. Mombasa kulikuwa na Assanand, wenye lebo ya Mzuri. Phares Oluoch Kanindo alikuwa anasukuma benga hadi ikavuka mipaka, na kule Zimbabwe watu wakaanza kuuita muziki wenyewe "kanindo", kwa jina lake. Wanamuziki wa Kongo na Tanzania walikuwa wanafunga safari kuja kurekodi huku. Melodica, pale Tom Mboya Street, ilifunguliwa mwaka wa 1971.

Zile ndogo za 45 ndizo zilikuwa chakula cha kila siku. Kama hujawahi kushika moja, angalia vizuri: wimbo mmoja umekatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Benga na rumba zilikuwa ndefu kushinda upande mmoja. Sehemu ya kwanza ni maneno, sehemu ya pili ndio gitaa zinaachiliwa watu wacheze. Kwa hivyo ukiona 45 ambayo upande wa pili umekwaruzika na upande wa kwanza ni safi, hiyo santuri inakuambia kitu kuhusu nyumba ilikotoka. Hao watu walikuwa wanacheza densi.

Enzi hizo hakukuwa na msako. Ulikuwa unaingia dukani, unataja jina la msanii, au unamwimbia mwenye duka kipande ulichosikia redioni, naye anakutolea. Mwenye duka ndiye aliyejua. Alijua bendi gani imevunjika, gitaa la solo limehamia wapi, na wimbo upi unaitwa hivi na unajibu wimbo upi. Ujuzi ulikuwa upande wa anayeuza, na haukuwa siri. Ndio ulikuwa unauza bidhaa.

Halafu ikaja kaseti. Sijui kama mnajua vile kaseti ilivyomaliza hii biashara, lakini fikiria hivi: santuri huwezi kuitengeneza nyumbani. Inahitaji kiwanda, mashine kubwa, joto, presha. Kaseti inahitaji redio ya kaseti mbili na mtu mwenye muda. Mtu alikuwa ananunua moja halali na kuzaa mia. Maprodyuza wakaanza kulia, mauzo ya santuri yakaanguka, na kufikia miaka ya tisini kuchapa santuri Nairobi kulikuwa kumekwisha. Pleya ikiharibika sindano, hakuna wa kuleta nyingine. Santuri zikaingia chini ya kitanda, kwa stoo, juu ya kabati. Kuna zilizopelekwa ushago kwa sababu nyumba ya mjini ilikuwa ndogo. Kuna zilizogeuzwa saa za ukuta.

Hapo ndipo msako ulizaliwa. Na ulikuwa msako wa miguu.

Wazee waliosaka wakati huo wanakuambia ulihitaji vitu viwili, muda na uhusiano. Ulijua ni klabu gani inafungwa. Ulijua ni nani anahama Nairobi kurudi kijijini baada ya kustaafu. Ulijua, na hii si ya kuchekesha, ni nyumba gani mzee amekufa na watoto wanataka kusafisha. Sokoni walibaki wachache walioamini hizi vitu. Maarufu zaidi ni James Rugami, ambaye kila mtu anamwita Jimmy, na kibanda chake cha Real Vinyl Guru pale Kenyatta Market, katikati ya moshi wa nyama choma na akina dada wanaosuka nywele. Amekaa na santuri zaidi ya miaka thelathini, miaka ambayo watu wengi walidhani ni wazimu.

Muuzaji wa aina hiyo bado ndiye aliyejua kuliko mnunuzi. Unaingia ukitafuta kitu kimoja, anakuuliza maswali mawili, anakutolea kitu kingine ambacho hukujua unakitaka. Bei ilitegemea mazungumzo. Ukionekana unapenda kweli, inashuka. Ukionekana una haraka na pesa, inapanda. Haikuwa haki kamili, lakini ilikuwa ni watu wawili wanaongea kuhusu muziki.

Sasa tuje kwa wageni.

Wakusanyaji kutoka Ulaya, Marekani na Japani walianza kuitafuta Afrika kwa nguvu, na mtandao ukawapa macho. Discogs ilianzishwa mwaka wa 2000. Kwa wale hawaijui, ni orodha kubwa ya santuri za dunia ambayo watu wa kawaida wanaijaza wenyewe, pamoja na soko, na inakuonyesha kila nakala iliuzwa pesa ngapi: ya chini, ya kati na ya juu. Kwa mara ya kwanza mnunuzi alikuwa anaingia sokoni akijua zaidi ya muuzaji. Muuzaji anaona 45 yenye vumbi, anasema soo mbili. Mnunuzi anajua hiyo nakala, ikiwa nadra na ikiwa safi, kuna mtu atailipia zaidi ya dola mia. Ananyamaza, analipa, anasema asante, anabeba kreti nzima.

Hapo ndipo ile sentensi ya "wazungu walibeba" ilizaliwa, na hasira yake naielewa. Kukaa kimya kwa mjane ambaye anadhani anauza takataka, na wewe unajua umeshika karo ya mtoto, huo si ujanja. Huo ni wizi wenye tabasamu. Na nisitaje rangi, kwa sababu kuna Wakenya wamefanya hivyo hivyo na wanaendelea kufanya.

Lakini wacha tuwe wakweli kuhusu nusu ya pili. Santuri nyingi zilizobebwa, sisi wenyewe tulikuwa tumezitupa. Hakuna mtu aliyevunja mlango akachukua. Tulikuwa tunaziona kama uchafu wa wazee, na bei ndiyo iliyotufanya tuzione tena. Kuna makreti yangeoza stoo kama hakungekuwa na mtu wa kulipa. Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, kina hifadhi ya muziki wa Afrika ambako mtafiti anaweza kusikiliza vitu ambavyo hapa huwezi kuvipata hata ukitembea wiki nzima. Na zile kanda za Kenya Special zilizotolewa na Soundway ya Uingereza mwaka wa 2013, halafu juzuu la pili 2016, ndizo zilizofanya vijana wengi wa Nairobi wajue kwamba tulikuwa na fanki, kwamba tulikuwa na bendi za mahoteli zilizokuwa zinachoma. Inauma kusema, lakini muziki wetu tulirudishiwa ukiwa na karatasi ya maelezo ya Kiingereza, na tukaulipia.

Kuna hadithi ingine inayonifunza kuhusu huu mchezo, na haina mzungu wa London ndani. Kwenye pwani ya Colombia, miji kama Cartagena na Barranquilla, kuna mitambo mikubwa ya muziki ya mtaani inaitwa picó. Hao madijei walipenda santuri za Afrika kama wazimu, soukous, highlife, benga, na muziki wao wa champeta umekulia hapo. Wenye picó walikuwa wanashindana nani ana wimbo ambao mwingine hana. Ili mpinzani asijue ni santuri gani, walikuwa wanakwaruza lebo, wanafuta jina la msanii, halafu wanaupa wimbo jina lao wenyewe la mtaani. Umati unaimba, unacheza, unalia, na hakuna anayejua aliyeimba ni nani, ni wa nchi gani, kama yuko hai.

Nikisikia hiyo hadithi sicheki, kwa sababu sisi tunafanya kitu kama hicho bila hata kushika kisu. Nitarudi hapo.

Saa hii tuko hatua ya nne. Simu iko kwa kila mtu. Ile nafasi ya mnunuzi kujua peke yake imekufa, na mimi nasema vizuri ife. Muuzaji wa Gikomba anaweza kukuangalia usoni, akatoa simu, akaandika jina, akakuonyesha skrini. Haki imefika, si ndio?

Haijafika. Imefika nambari.

Ile nambari anayokuonyesha mara nyingi ni ile ya juu kabisa. Ni ya nakala iliyo karibu mpya, yenye kava lake, iliyouzwa na mtu mwenye sifa nzuri, huko mahali posta inafanya kazi. Yenye ameshika mkononi imelala miaka thelathini bila kava, imeguswa na vidole vya watoto watatu, na ukiiinamisha kwenye mwanga unaona mikwaruzo kama barabara za kijijini. Kwenye hii biashara hali ya santuri ni karibu kila kitu. Nakala moja na hiyo hiyo inaweza kuwa ya elfu kumi au ya soo, kutegemea inavyosikika. Lakini nambari ya juu ndiyo inakaa kichwani. Kwa hivyo muuzaji anaomba bei ya Berlin, kijana wa Umoja anaondoka, na santuri inabaki pale inazidi kukusanya vumbi. Mtalii akija Agosti ataichukua. Halafu tunarudi kwa ile sentensi yetu: wazungu walibeba.

Sina hasira na muuzaji. Mtu aliyedanganywa miaka kumi akipata simu, lazima ataitumia kama ngao. Ukitaka kumsaidia, mwonyeshe bei ya kati, si ya juu, na mweleze hali. Nimeona mazungumzo ya aina hiyo yakishusha bei na kuacha watu wawili wakicheka. Na ukitoka hapo usiende kuicheza kwa zile pleya za sanduku za bei nafuu ambazo sindano yake inakanyaga kama tingatinga. Umelipa ili uiharibu.

Lakini bei si ndiyo imenileta hapa. Bei itapanda, bei itashuka. Kule Marekani mwaka wa 2022 santuri ziliuzwa nyingi kuliko CD kwa mara ya kwanza tangu 1987, na kila wimbi kama hilo linatufikia huku likiwa limepungua nguvu. Mitindo inapita. Kitu ambacho hakirudi ni kile kilichoandikwa kwenye ile karatasi ya duara katikati ya santuri.

Chukua 45 yoyote, usome lebo. Kuna jina la wimbo. Kuna jina la bendi. Kuna nambari. Na mara nyingi, kwa herufi ndogo sana kwenye mabano, kuna jina la mtu mmoja: mtunzi. Hiyo herufi ndogo ndiyo naomba tuongee juu yake.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inatenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi wanavichanganya. Cha kwanza ni rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio. Hiyo inalindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Cha pili ni utunzi, yaani wimbo kama wimbo. Huo unalindwa maisha yote ya mtunzi, halafu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliokufa.

Piga hesabu. Rekodi ya mwaka wa 1973, ulinzi wake kwa sheria yetu uliisha mwisho wa 2023. Kila Desemba ikiisha, mwaka mwingine mzima wa muziki wa zile enzi tamu unafunguka. Hii miaka tunayoishi ndiyo ile dhahabu yote ya miaka ya sabini inatoka kwenye ulinzi wa rekodi, moja baada ya nyingine. Mtu anaweza kuchukua 45 ya guka yako, akaisafisha sauti, akachapa santuri mpya, na asimtafute aliyekuwa na ile studio.

Lakini utunzi bado uko. D.O. Misiani wa Shirati Jazz alikufa 2006, kwa hivyo tunzi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2056. Joseph Kamaru alikufa 2018, zake ni hadi mwisho wa 2068. Hizo ni pesa za familia. Ni pesa za watoto na wajukuu kwa miongo mingine. Lakini zitafika tu kama kuna mtu anaweza kuonyesha kwamba huyu ndiye aliyetunga.

Na wazee wetu wengi hawakuacha karatasi. Walirekodi kwa malipo ya mara moja, wakapewa pesa kidogo mkononi, wakarudi nyumbani. Bendi ilivunjika. Prodyuza akafunga duka. Mkataba, kama ulikuwepo, uliliwa na mchwa. Mahali pekee ambapo jina la huyo mtu liliwahi kuchapishwa ni pale kwenye lebo, kwa herufi ndogo, kwenye mabano. Hiyo lebo ni kama hati ya shamba, wasee. Na sisi tunaiuza na kuipeleka Ulaya bila hata kuipiga picha.

Unadhani nazidisha? Angalia "Malaika". Hakuna wimbo wa Kiswahili umezunguka dunia kama huo. Miriam Makeba aliuimba, Boney M waliuimba. Fadhili William aliurekodi Nairobi na akajulikana kama mwenye wimbo, lakini wengine walisimama kusema ni wao, akiwemo Adam Salim. Watu wamezeeka na kufa mzozo haujaisha. Kama wimbo mkubwa hivyo unaweza kukosa mwenyewe, fikiria ile 45 ya bendi iliyotoa nyimbo nne tu ikavunjika.

Najua pia lebo zenyewe wakati mwingine zilidanganya. Kuna maprodyuza na viongozi wa bendi walioandika majina yao juu ya jasho la mpiga gitaa. Sawa. Ndio maana lebo peke yake haitoshi, na ndio maana ujuzi wa yule muuzaji wa zamani ulikuwa na maana. Yeye angekuambia: hapa wameandika fulani, lakini huu wimbo ulitungwa na yule kijana aliyeingia bendi kutoka Kisumu. Ukiondoa mazungumzo sokoni, ukabaki na skrini na nambari, umekata hiyo kamba. Watu wa picó walifuta jina kwa kisu. Sisi tunalifuta kwa kutouliza.

Kuna wenye wataniambia, "Lakini kila kitu kiko YouTube." Nenda uangalie vizuri. Nusu ya hizo nyimbo zimewekwa na mtu asiyejulikana, jina la wimbo limekosewa, bendi imechanganywa na bendi nyingine, mtunzi hatajwi kabisa, na sauti imenakiliwa kutoka kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti. Akaunti ikifungwa, zimeenda zote. YouTube inakuwezesha kusikia. Haikuambii shamba ni la nani.

Kuna wengine watasema hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, na KBC ina maktaba ya sauti ambayo kila Mkenya angepaswa kuisikia. Lakini ukisubiri kikao, mvua itanyesha mara kumi kwenye ile stoo. Kazi kubwa hapa imefanywa na watu walioamua tu. Ketebul Music ya Tabu Osusa ilitoa kazi yao kuhusu mizizi ya benga mwaka wa 2008, na wakaendelea na aina zingine za muziki. Na mjukuu wa Joseph Kamaru, ambaye anaitwa Joseph Kamaru pia na dunia inamjua kama KMRU, amekuwa akizitoa upya nyimbo za guka yake kupitia Bandcamp. Angalia hiyo vizuri. Hakuna mgeni aliyekuja na kreti. Ni mjukuu, kompyuta, na santuri za nyumbani, na jina la mwenyewe limebaki juu ya kazi yake.

Kwa hivyo sisemi usiuze. Maisha ni magumu, na santuri ikiweza kulipa rent, ilipe. Nasema kuna mambo ya kufanya kabla haijatoka mlangoni, na hayahitaji digrii. Mimi mwenyewe chuo niliacha, na haya yote nafanya kwa simu.

Piga picha lebo, pande zote mbili, kwenye mwanga wa mchana, hadi zile herufi ndogo zisomeke. Piga na zile nambari zilizochorwa kwenye plastiki karibu na katikati, pale sindano inaishia. Ukiinamisha santuri utaziona. Zile zinatambulisha nakala hata lebo ikichanika.

Uliza mwenye kuuza, au muulize shosho kabla ya kuziuza: zilinunuliwa wapi, na nani, mwaka gani hivi, zilichezwa wapi. Andika. Kama amesema "huyu muimbaji alikuwa jirani yetu Kariobangi", hiyo sentensi moja ina thamani kuliko bei ya santuri.

Irekodi sauti, hata mara moja tu. Kwanza isafishe taratibu kwa kitambaa laini na maji yenye tone la sabuni, usiloweshe lebo. Na zile nzito za kale kabisa za 78, zinazovunjika kama sahani, usiguse na spiriti, kwa sababu spiriti inaziyeyusha. Kama huna pleya, tafuta mwenye anayo. Utapata mtu.

Ingiza taarifa mahali watu watazipata. Discogs inajazwa na watu kama mimi na wewe, na bado kuna 45 nyingi za Kenya ambazo hazimo au zina maelezo nusu. Weka jina la mtunzi vile limeandikwa. Mjukuu wake anaweza kulitafuta mwaka ujao.

Na wewe msakaji mwenzangu, ukijua bei na anayekuuzia hajui, sema. Huwezi kufilisika kwa kusema, "Mathe, hii moja ni ya pesa, usiipeane na zingine." Utalipa zaidi kidogo, na atakupigia simu siku jirani yake akisafisha stoo. Ule uhusiano wa wazee wa enzi ya miguu ulijengwa hivyo, na mpaka leo hakuna programu ya simu inayoushinda.

Sijali sana santuri zikiwa Nairobi au Tokyo. Plastiki inaweza kuishi popote penye mtu wa kuitunza. Ninachojali ni kwamba siku wimbo wa mzee fulani wa Siaya au Murang'a utachapwa upya na kuuzwa duniani, kuwe na picha mahali, kuwe na karatasi, kuwe na mtu wa familia anayeweza kuinua mkono na kusema huyo ni babu, na huu hapa ushahidi.

Sasa niambieni: kwenu kuna santuri gani zimelala, na kuna mtu bado yuko hai anayeweza kueleza zilifikaje hapo? Anza na huyo mtu wikendi hii. Santuri inaweza kungoja kuliko yeye.